Mgongo wa Kambale

Wiki iliyopita nilimwita fundi aje kuziba dari ya nyumba yangu hapa Kasese, maana mvua ilikuwa imeanza kunifuata hadi kitandani. Alipobandua ubao wa kwanza ikashuka harufu ambayo sikuwa nimeivuta tangu nilipokuwa na miaka tisa. Popo. Ni harufu nzito ya mkojo uliolala siku nyingi, pamoja na kitu kama unga uliooza, na ikikuingia kooni haitoki. Fundi aliziba pua akacheka: "Mama, uko na wapangaji huku juu na hawakukuambia!" Mimi nilikuwa nimeshatoka nje, nimeketi juu ya mfuko wa saruji. Mtu mzima mimi, mwenye watoto, naogopa harufu. Sikurudi ndani mpaka alipomaliza kazi yake.

Ninyi wa rika langu mliokulia Bwera, mliocheza chini ya malori pale Mpondwe mkifukuzwa na mawakala wa forodha, mtanielewa upesi. Kwa wengine nitaeleza kidogo. Kwetu, Wanande wa upande wa Kongo na Wakonzo wa upande huu, mtoto hatafutiwi jina. Jina linamngoja. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kavugho. Ukisikia jina la mtu umeshajua alizaliwa wa ngapi, lakini bado hujajua ni nani. Simama sokoni uite "Kambale!" watageuka wanaume ishirini, na pengine mbuzi mmoja. Mimi ni Masika. Mama yangu alikuwa Kavugho, na baba yangu, Mungu atusaidie, alikuwa Kambale.

Tulitoka Beni nikiwa na miaka mitatu, risasi zikilia nyuma yetu. Baba alitupandisha lori, akasema anarudi kuchukua baiskeli, atatukuta mbele. Baiskeli! Miaka mingi nimeichukia baiskeli hiyo kuliko hata waliopiga risasi. Hakutukuta. Mama akapanga chumba Bwera, akawa anauza maharage Mpondwe, na kila aliyevuka mpaka kutoka kule alimuuliza habari za Kambale wa Beni. Kila mtu alikuwa amemwona Kambale. Mmoja yuko Butembo, mmoja amekufa, mmoja ameoa tena. Mwaka mmoja akaja mwanamume akisema ametumwa na baba. Akaitikia kila alichoulizwa: ndiyo, Kambale wa Beni, ndiyo, mke wake Kavugho, ndiyo, mtoto wao Masika. Alikula kwetu siku mbili, ya tatu akaondoka na blanketi letu. Tangu hapo Mama hakuamini jina tena. Alisema mtu mwenye njaa utamwita jina lolote na ataitika.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Jioni, tukichambua maharage mlangoni, Mama alikuwa na swali lake moja.

"Masika, unamukumbuka papa yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Sura yake unaiona?"

"Naiona."

Hapo uso wake ulikuwa unafunguka, anacheka, anaanza kunisimulia jinsi baba alivyoogelea mtoni kuliko wenzake wote, jinsi alivyompigia mluzi kabla hawajaoana. Kwa ajili ya kucheka kule ningesema lolote. Uongo mtupu! Sikukumbuka kitu ila harufu ya mafuta ya lori. Picha moja tuliyokuwa nayo iliungua pamoja na nyumba. Sura niliyokuwa naiona nilikuwa nimeiazima kwa Yosefu Mtakatifu wa kalenda ya parokia, pale ukutani juu ya ndoo ya maji: ndevu za kahawia, macho ya upole, msumeno mkononi. Kwa akili yangu baba yangu alikuwa na ndevu na msumeno. Mama hakuwahi kuniuliza habari za ndevu, nami sikuzitaja, tukaishi hivyo.

Basi siku moja akaja muuza samaki wa Katunguru, mama mnene aliyezoea kupumzika kwenye meza yetu. Akamwambia Mama, "Kavugho, miye nimeona Kambale moja uko mbele ya Katunguru, ku lile ziwa ya shimo, penye mapango. Anapeleka batoto ba masomo na mutumbwi, banaenda kutazama popo na kuogelea. Banasema iko wa Beni. Anaogelea sawa samaki. Bibi yake na mutoto yake mwanamuke balipotea mu vita."

Mama alikuwa anampimia mteja maharage. Kikombe kilibaki hewani. Mteja akasema, "Mama, vipi?" Mama hakumsikia.

Kwenda mwenyewe hakuweza. Siku zile, kwa ajili ya vita vya ng'ambo, kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi kabla ya daraja la Katunguru, na kila mtu mzima alitakiwa karatasi ya mwenyekiti wa kijiji, yenye muhuri. Mama hakuwa nayo. Asiyekuwa nayo aliteremshwa garini, na wengi walirudishwa mpaka ng'ambo. Mama alikuwa ameona wanawake wawili wa Beni wakivushwa hivyo, watoto wao wakibaki Bwera wanalia. Kwa tetesi tu asingejaribu. Lakini watoto hawakuulizwa karatasi, na mwezi ule parokia ilikuwa inaandaa safari ya watoto tuliopokea Komunyo ya kwanza, kwenda ziwa lile lile kutembezwa kwa mtumbwi. Mama alinishika mabega.

"Utaenda weye," alisema. "Weye unamukumbuka."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nimejiambia maneno yale mara elfu: Mama, simkumbuki, nilikudanganya. Maneno mafupi tu. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Asubuhi ya safari alinivalisha sare iliyopigwa pasi, akanipa mandazi mawili katika karatasi, akapiga magoti mbele yangu kama anayeungama. "Usitaje jina yangu. Usitaje Bwera. Kama ni yeye, damu itakuambia. Lakini uhakikishe. Iko na alama ya moto mu mugongo, chini ya bega ya kushoto, kubwa sawa kiganja yako. Mafuta ilimumwagikia akiwa mutoto. Ukiona ile alama, ujue njo yeye. Urudi uniambie, miye nitaenda, hata banifunge." Nilishukuru Mungu kwa ile alama. Nilifikiri nimeokoka: sihitaji sura, nahitaji mgongo tu.

Kwenye kizuizi askari alichungulia ndani ya lori letu. "Hawa watoto ya nani?"

"Ya kanisa, afande," alijibu katekista wetu, mzee mwembamba aliyebeba filimbi shingoni.

"Haya, endesha! Haraka!"

Tukavuka daraja, viboko wamelala majini kule chini, wenzangu wakipiga kelele kila kiboko aliponyanyua masikio. Mimi nilikuwa nahesabu vidole vyangu na kusali. Baada ya daraja tuliacha lami, tukapanda kilima, na upande wa pili tukaliona ziwa chini kabisa, jeusi, la mviringo, limezungukwa na kuta za mawe na msitu. Hakuna viboko mle, walituambia, wala mamba, kwa hiyo watu waliogelea.

Mwongozaji alikuwa anatungoja ufukoni, amesimama ndani ya mtumbwi mrefu wa mbao, kafi mkononi. Nilimtazama usoni kwa nguvu zangu zote. Hana ndevu. Hana hata dalili ya ndevu! Mtu wa kawaida tu, mweusi, shavu moja limevimba kidogo kwa jino, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kooni, na juu yake jaketi la boya lililochakaa. Nikangoja damu iniambie. Damu haikusema kitu. Nilichosikia mwilini ni njaa tu, nikala andazi moja.

"Mukae bawili bawili," alisema. "Na musisimame. Ziwa hii haina mwisho chini."

Katekista akaita, "Masika, kaa mbele!" Tukainuka wasichana saba. Watoto wote wakacheka, na yule mwongozaji pia akacheka, halafu kicheko chake kikakatika. Mimi ndiye niliyekaa mbele, karibu na magoti yake. Alipoanza kupiga kafi nilimuuliza kwa sauti ndogo jina lake.

"Kambale."

"Wa wapi?"

"Wa Beni, pembeni."

"Uko na mtoto?"

Akapiga kafi mara tatu nne. "Nilikuwa naye. Jina yake njo Masika vilevile, sawa nyinyi yote." Halafu akasema kwa nguvu, kwa wote, "Mutazame kule! Pango ya kwanza ile!" Nikahesabu kwa vidole. Kambale, Beni, mtoto Masika. Lakini hata mimi, pamoja na utoto wangu, nilijua kwamba Beni nzima ilikuwa na akina Kambale wenye akina Masika wao.

Mapango yale yalifungua midomo juu ya maji. La kwanza lilikuwa dogo, tuliingiza pua ya mtumbwi tu. La pili lilitumeza wote. Ghafla kukawa baridi, sauti ya kafi ikaanza kutujibu kutoka kwenye kuta, na ile harufu ikatuvamia. Kambale akatuambia tupige kelele pamoja. Tukapiga. Dari yote ikajitingisha, popo wakamwagika juu ya vichwa vyetu maelfu kwa maelfu, mabawa yanapuliza nywele zetu, wasichana wanajifunika kwa sketi, katekista anasema Yesu, Maria na Yosefu. Kambale alicheka. Mimi sikuwatazama popo. Nilitazama kola ya shati lake, nikingoja ishuke kidogo.

Nje ya pango hilo, upande wa kushoto, palikuwa na jiwe pana chini ya maji, maji yakiishia kiunoni. Hapo ndipo palipokuwa pa kuogelea. Walikuwa wamezungushia kamba yenye jerikeni tupu, na ndani ya kamba watoto wakaruka na nguo zao za ndani, wanarushiana maji, wanapiga miguu. Sasa atavua shati, nilijiambia. Atatufundisha kuogelea. Akaketi. Akawasha sigara, akaegemea, jaketi limefungwa vifungo vyote, anatuhesabu kwa macho. Nikamwendea ndani ya maji nikamwambia, "Njoo uoge na wewe." Akasema, "Hapana, mutoto. Miye niko kazini."

Muda ukaanza kwisha. Katekista akapuliza filimbi: dakika tano. Nitarudije kwa Mama? Nilimwona akilini amesimama mlangoni, na kitambaa chake cha Jumapili kichwani, maana alikuwa ameshakivaa asubuhi ile, anangoja. Sura sikuijua, mgongo sikuuona. Nitamwambia nini? Nikiwa mtu mzima nimejaribu kumweleza mume wangu jinsi mtoto wa miaka tisa anavyoweza kukata tamaa. Anasema mtoto hajui kukata tamaa. Hajui yeye! Mtoto ndiye anayeijua vizuri, kwa sababu hana kesho ya kuikopa.

Nikapita chini ya kamba.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nitakwenda hatua mbili tatu kuelekea mdomo wa pango, niite nakufa, yeye avue nguo aruke. Sikujua kuogelea, lakini sikuona kama hilo ni neno. Hatua ya kwanza nilikanyaga jiwe. Ya pili sikukanyaga kitu. Maji yaliingia mdomoni kabla sijaita, baridi, yenye ladha ya popo, nikashuka. Mnafikiri mtu anayezama hupiga kelele? Hakuna kelele. Kulikuwa na kijani, halafu nyeusi, na masikio yangu yakavuma. Nilikuwa nafikiria Mama tu, kwamba sasa atakosa wawili.

Mkono ulinikamata nywele. Nikatupwa juu, nikavuta hewa na maji pamoja, nikasikia, "Shika mugongo! Shika mugongo yangu!" Nikashika. Miguu yangu ikamzunguka kiuno, kifua changu juu ya mgongo wake, shavu langu la kulia limelala pale pale, chini ya bega la kushoto. Alikuwa ametupa jaketi na shati kabla ya kuruka. Ngozi tupu, yenye maji, laini. Nikainua shavu nikatazama. Nikapapasa kwa kiganja. Nikapapasa bega la kulia, labda Mama alichanganya. Nikasugua kama mtu anayefuta ubao. Hakuna. Hakuna alama, hakuna kovu, hakuna hata kipele.

"Shikilia, mutoto, tunafika," alikuwa anasema, akidhani naparamia kwa hofu. "Shikilia, Masika wangu, shikilia."

Nililia mpaka nikatapika. Walinilaza mtumbwini, katekista akanichapa makofi mawili ya miguuni huku naye analia. Kambale aliketi mbali kidogo, kafi imelala miguuni pake. Halafu akachukua shati lake, lililokuwa kavu kwa sababu alilitupa ndani ya mtumbwi, akanivalisha, akafunga kifungo kimoja kimoja. "Usiende tena mbali na batu," aliniambia. Sare yangu ilikuwa kavu pale pale, lakini nilikataa kulivua shati lile. Nilirudi nalo mpaka Bwera, mikono yake imenifika magotini.

Jua lilikuwa halijatua. Mama alikuwa mlangoni, na kile kitambaa. Alianza kukimbia aliponiona, halafu akaliona shati. Akasimama. Sikuwa nimesema hata neno moja. Akalishika pindo, akalileta puani, akalivuta, macho yamefumbwa. Lilikuwa linanuka samaki, sigara na moshi, basi, harufu ya mwanamume yeyote wa Katunguru. Lakini niliona midomo yake ikianza kutetemeka, na nilijua kwamba nikisema hapana, huyu mama aliye mbele yangu atakufa amesimama.

"Masika. Umeona alama?"

"Nimeona."

"Ni yeye?"

"Ni yeye, Mama."

Weee! Alivyopiga kigelegele! Akanibeba, mimi mtoto mkubwa, akazunguka nami uani, majirani wakatoka. Mama Mbambu, jirani yetu Mkonzo mwenye meza karibu na yetu sokoni, akaanza kuimba. Kabla giza halijaingia mtaa mzima ulijua kwamba Kambale wa Kavugho amepatikana.

Kesho yake Mama akaazima karatasi ya Mama Mbambu. Siku zile karatasi haikuwa na picha, jina tu na muhuri. Kilichokuwa kinamtia hofu ni ulimi wake, kwa kuwa askari akimsikia tu akisema "miye niko" angejua ametoka wapi. Basi alijifunga kitambaa kutoka kidevuni mpaka utosini, akatia pamba shavuni, awe mgonjwa wa jino asiyeweza kusema. Aliniachia ufunguo na unga. Niliposhika sketi yake akadhani nataka kwenda naye. "Nitakuletea papa yako," alisema ndani ya pamba. Na mimi nikaachia sketi.

Siku nne nilikaa kwa Mama Mbambu, na sitaki mtoto yeyote apewe siku kama zile. Niliona mambo mawili tu mbele yangu. Ama wanamkamata Mama, wanamvusha, nabaki peke yangu kwa uongo wangu. Ama anafika, anamwona mtu asiye wake, anarudi. Sijui ni lipi niliogopa zaidi. Nilikwenda mbele ya kalenda nikamwambia Yosefu Mtakatifu aweke alama kwenye mgongo wa yule mtu. Nilimweleza hata mahali: chini ya bega la kushoto, kama kiganja changu. Nilimwambia yeye ni seremala, hawezi kushindwa na kitu kidogo kama hicho. Siku ya tatu nilijaribu kumwambia Mama Mbambu. Nilisema, "Mama Mbambu, yule si baba." Akanifunika mdomo, "Ee, nyamaza! Usilete mkosi."

Walikuja siku ya nne, mchana, wakishuka kwa miguu kutoka barabarani. Mama mbele, hana kitambaa tena usoni. Nyuma yake Kambale, amebeba mfuko mmoja, anatembea polepole kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe na viatu vya tope. Majirani walishaanza vigelegele. Mama alinijia, akaniinamia, nikatazama macho yake. Yalikuwa yamevimba kwa kulia kwa siku nyingi.

"Salimia papa yako," alisema.

Nikasalimia. Yule mtu akanipa mkono, mkono wenyewe ukiwa na baridi, akasema, "Masika."

Jioni, watu walipoondoka, alikwenda kuoga nyuma ya nyumba, kwenye ua wa majani ya migomba. Mama alikuwa anampelekea maji, mimi nikabeba sabuni nyuma yake. Kambale alikuwa ametugeuzia mgongo. Jua la jioni lilikuwa linaupiga wote, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, msafi. Yosefu hakuwa amefanya kitu. Mama aliweka ndoo chini, akautazama mgongo ule, akanitazama mimi. Tukarudi mlangoni. Nilikuwa nangoja kofi, nililitaka kofi lile kuliko kitu chochote.

"Umeniambia ni yeye," Mama alisema taratibu. "Basi ni yeye."

Hatukulizungumza tena, hata siku aliyofariki nikiwa nimemshika kichwa.

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Kambale alikuwa mwema kuliko nilivyostahili. Alipata kazi ya kupakia malori Mpondwe, akanitengenezea viatu, akanipeleka mtoni Jumapili akanifundisha kuogelea, akinishika tumbo kwa kiganja. Wakati mwingine alinitazama nikila na kusahau kula yeye. Mama alianza kuimba akipika, nyimbo ambazo sikujua kama anazijua. Na lile swali la jioni halikuulizwa tena. Hilo ndilo lililoniuma: kwamba Mama hakumuuliza mtu yeyote tena. Waliokuja kutoka ng'ambo walikuwa wananunua maharage na kuondoka, na habari zao za Beni wanaondoka nazo.

Ilipita miezi, sijui mingapi. Siku moja ya soko Mama alikwenda kuchukua gunia kwa lori, akaniacha mezani peke yangu. Mama Mbambu hakuja siku hiyo, alikuwa anapalilia. Akaja mwanamke aliyevuka asubuhi ile, amechoka, beseni la kijani kichwani, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Alimsimamisha mpagazi aliyekuwa anapita na mzigo.

"Kaka, pardon. Natafuta mama moja wa Beni, Kavugho. Bwana yake Kambale anamutafuta. Iko Butembo, mugonjwa, hawezi kutembea. Amenituma."

"Kavugho wa Beni ni wa meza hii," mpagazi alisema akitweta. "Lakini bwana wake alipatikana zamani, mama. Tunabeba naye mizigo kila siku." Akaenda zake.

Yule mwanamke akashusha beseni, akakaa juu ya jiwe, akajipepea. "Kavugho beko mingi," alisema, zaidi kwa nafsi yake. Halafu akanigeukia mimi. "Yule Kambale iko na mutoto moja tu, wa kwanza. Anasema alizaliwa mu njia, juu ya camion ya makala, bibi yake akamufunika na gunia."

Hadithi ile niliijua. Mama alinisimulia kila nilipougua, jinsi nilivyozaliwa juu ya lori la makaa, nikatoka mweusi kama makaa yenyewe, nikafunikwa gunia. Hakuna mtoto mwingine aliyezaliwa hivyo. Mikono yangu ilikuwa ndani ya maharage mpaka kwenye viwiko, na yalikuwa ya baridi. Nilifikiria viatu vyangu. Nilifikiria Mama akiimba. Nilifikiria kwamba wote watajua, soko zima, kwamba niliupapasa mgongo wa mtu nikasema nimeona. Na kule Butembo alikuwako mtu mgonjwa ambaye sura yake sikuijua, hata kidogo, hata ningelazimishwa.

"Na weye, mutoto," mwanamke aliuliza, "jina yako nani?"

"Kavira," nikasema.

Msichana wa pili. Alitikisa kichwa, akatabasamu kwa uchovu, akasema, "Basi haiko nyinyi." Akanunua kwangu kikombe kimoja cha maharage, akajitwika beseni, akaingia katikati ya watu kuelekea mpakani. Nilimwona mpaka malori yakamficha. Msiniambie nilikuwa mtoto. Nilijua ninachofanya.

Mama aliporudi na gunia mgongoni, aliniuliza kama kuna mtu aliyekuja. Nikamwambia hakuna.